Baada ya Flopu: Uweke Dau au Ugonge?

Maswali ya safari hii yote yanahusu poka ya Texas Hold'em, na yote yanagusa dakika ileile: karata tatu za kwanza zimefunuliwa mezani, yaani flopu, na zamu ni yako. Tukisema poti, tunamaanisha fedha zilizokwisha kuwekwa katikati. Kugonga ni kupitisha zamu bila kuweka kitu. Kufuata, au kulipa, ni kuweka sawa na dau la mwenzako; kupandisha ni kuweka zaidi yake; kutupa ni kuachia karata zako. Kila mtu ana karata mbili mkononi, na baada ya flopu hufunuliwa mezani ya nne, kisha ya tano. Karata tunaziita kwa herufi zilizochapwa juu yake. A ndiyo ree.

Nilipandisha nikiwa na A-K, mtu mmoja akafuata. Flopu haikunigusa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepandisha, lazima niendelee kuweka?

Si lazima. Tazama kwanza flopu imemfaa nani. Mwenye karata mbili zisizofanana hupata jozi kwenye flopu takriban mara moja kati ya tatu, kwa hiyo huenda mwenzako naye kakosa. Mezani pakiwa na Q-7-2 za aina tatu tofauti, wewe uliyepandisha ndiye unayeweza kuwa na A-A, K-K au Q-Q. Yeye angekuwa nazo, mara nyingi angekurudishia dau kubwa zaidi kabla ya flopu. Poti ikiwa 60, weka 20. Akitupa mara moja tu kati ya nne, dau hilo limejilipa lenyewe, na bado zimebaki A tatu na K tatu za kukuinua.

Sasa badili flopu iwe 9-8-6, mbili kati yake kopa. Aliyefuata kutoka kwenye blaindi kubwa, yaani aliyelazimika kuweka dau kabla ya karata kugawiwa, huwa na 10-9, 8-7, 6-6 na kopa mbilimbili mara nyingi kuliko wewe. Hapo gonga. Ukiweka utalipwa au utapandishiwa, na A-K yako haina pa kushika.

Niweke kiasi gani? Mimi huweka nusu ya poti kila mara.

Nusu si mbaya, lakini kuitumia kila mahali ni kujinyima. Hesabu poti kabla hujagusa chipu. Wengi hawafanyi hivyo, na makosa yao huanzia hapo. Chukua poti ya 100. Dau la tishio, yaani la kumtishia mpinzani ukiwa huna kitu, likiwa 33 linahitaji mpinzani atupe asilimia 25 ya mara ili usipoteze. La 50, asilimia 33. La 75, asilimia 43. La 100, asilimia 50. Kwa upande wake, anayetaka kukulipa anahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 20, 25, 30 na 33 kwa mpangilio huohuo.

Tuangalie mkono mmoja kwa karibu. Una A-J, flopu ni J-8-5, mbili kopa, na hakuna kopa mkononi mwako. Weka 65 hadi 75. Watakaokulipa ni K-J, Q-J, 10-9, 7-6 na wenye kopa mbili, na wote hao uko mbele yao. Mwenye kopa mbili ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata moja inayofuata. Ukimwekea 33 umemuuzia karibu kwa bei ya haki. Ukimwekea 70 analipia zaidi ya anachostahili. Ile asilimia 35 inayotajwa sana ni ya karata mbili, ya nne na ya tano pamoja, na haimfai kama atadaiwa tena katikati ya safari.

Jambo moja zaidi: tazama na chipu zilizobaki. Poti ikiwa 100 na umebakiwa na 80, usiweke 50 kisha utupe kwa sababu ya 30. Ama weka zote, ama gonga.

Nina 9-9, flopu ni K-6-3. Niweke ili nijue niko wapi?

Hapana. Dau la "kujua niko wapi" ni ghali, na jibu lake huja limechelewa. Jiulize: nani atanilipa akiwa chini yangu, na nani atatupa akiwa juu yangu? Hapa mwenye K hatupi, na mwenye 5-4 au 7-6 ni wachache. Gonga, kisha akiweka dau dogo, lifuate mara moja tu, si zaidi.

Lakini 9-9 hiyohiyo kwenye 7-4-2 ni habari nyingine. Mwenye Q-J ana karata sita za kukupita. Ukimwachia azione mbili bure, atapata moja takriban mara moja kati ya nne. Weka nusu hadi theluthi mbili ya poti. Akitupa, umeondoa hatari. Akilipa na 8-7, umepata mteja.

Ninasubiri karata. Niweke dau au ningoje ziingie?

Inategemea mpinzani anatupa au hatupi. Ukiwa na karata 9 za kukamilisha tano za aina moja, kama kopa tano, au 8 za mfululizo ulio wazi pande mbili, weka: una njia mbili za kushinda, atupe sasa au karata yako ije. Poti 100, dau 60: kama ungekuwa huna kitu kabisa ungehitaji atupe asilimia 37.5 ya mara; ukiwa na karata 9 za akiba, unahitaji chini ya hapo. Ukisubiri karata 4 tu za katikati, kwa mfano 10-9 kwenye K-Q-4 inayongoja J, nafasi yako ni asilimia 8.5 kwa karata inayofuata. Hiyo mara nyingi ni ya kugonga.

Na kwa mtu anayelipa kila kitu, usimtishie hata kidogo. Subiri iingie, kisha mtoze.

Tukiwa wanne kwenye poti, mambo yanabadilika?

Sana. Mmoja hukosa jozi asilimia 68 hivi ya mara. Watatu wote kukosa ni kama asilimia 31. Punguza matishio, weka ukiwa na jozi ya juu yenye karata nzuri ya pembeni au zaidi ya hapo, na ukiweka, weka kubwa.

Niliweka flopu, nikalipwa. Karata ya nne niendelee?

Angalia imebadilisha nini. Turudi kwenye A-J yetu juu ya J-8-5: ikija 2 ya uru, hakuna aliyefaidika, weka tena, na kumbuka poti imekua. Kama ilikuwa 100 na kila mmoja akaongeza 70, sasa ni 240, kwa hiyo 70 tena ni chini ya theluthi. Weka 150 hivi. Ikija kopa ya tatu, au 9, ambayo inamkamilishia 10-7 na 7-6, gonga. Ikiwa ulitishia tangu flopu bila kitu, karata ya kuendelea nayo ni A au K iliyo juu ya zote za mezani, kwa sababu ndiyo inayofanana na mkono uliodai kuwa nao ulipopandisha. Ikija karata inayojirudia, kama 8 ya pili, aliyekulipa na jozi ya 8 sasa ana tatu na hatatupa. Acha.