Kilele Hiki ni cha Nani? Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Nuru katika Maada za Kaboni na Maada Chotara

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya maabara hapa Kisumu nilipoteza takribani wiki tatu nikiandika maelezo ya kilele kidogo kilichojitokeza karibu na nanomita 350 katika spektra, yaani mchoro wa kiasi cha nuru kinachofyonzwa katika kila urefu wa wimbi, ya kila utando niliopima. Nilikuwa nimekipa asili, nimekichorea mruko wa elektroni kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine, na kukitengea ukurasa mzima katika ripoti. Fundi wetu wa maabara, mzee aliyeitunza mashine ile tangu siku ilipotolewa ndani ya sanduku lake, aliitazama karatasi yangu kwa muda, kisha akauliza kama nilikuwa nimepima kioo kitupu kisicho na utando. Sikuwa nimekipima. Nilipokipima, kilele kilikuwa palepale, kimetulia kama mwenye nyumba.

Mzee alinieleza kwamba ndani ya spektrofotomita ile mlikuwa na taa mbili, ya deuteri kwa ajili ya urujuanimno na ya tungsteni kwa ajili ya mwanga unaoonekana, na kwamba taa hizo zilipokezana karibu na nanomita 350. Mimi nilikuwa nikiwasha mashine saa mbili asubuhi, nikichukua msingi wa kulinganishia papo hapo kabla taa hazijapata joto, na kuutumia msingi huohuo hadi jioni. Mwanga wa taa ulikuwa umebadilika tangu asubuhi, lakini haukubadilika kwa kiasi kimoja katika taa zote mbili, na tofauti hiyo ndiyo iliyojichora mahali pa kupokezana. Tangu siku hiyo huacha taa ziwake nusu saa kwanza, huchukua msingi upya kila baada ya saa chache, na umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo, huanza utaratibu wote tena hata kama zimebaki sampuli mbili tu.

Nimetanguliza aibu hiyo kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwa wanaoanza yana sura hiyohiyo. Nuru inayofika kwenye kipokezi imetoka kwenye taa, imepita kwenye kioo na kiyeyushi kabla na baada ya kuigusa maada yako, na kila kimojawapo kinaweza kuacha alama inayofanana na ugunduzi. Swali la maana ya kilele ni la pili. La kwanza ni kilele chenyewe ni cha nani.

Maada tunazozipima ni za namna mbili. Za kwanza ni za kaboni, yaani rangi na polima ambazo molekuli zake zina vifungo vya moja na vya mbili vinavyopishana, na kadiri mnyororo wa vifungo hivyo unavyorefuka ndivyo nishati inayohitajika kuirusha elektroni inavyopungua. Mfano ulio karibu ni kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kinachouzwa katika masoko yetu: beta-karotini iliyomo ina vifungo viwili-viwili 11 vilivyoungana hivyo, hufyonza buluu karibu na nanomita 450, na kinachobaki kulifikia jicho ni rangi ya chungwa. Polima za jamaa hiyo zilionyeshwa mwaka 1977 kuwa zinaweza kupitisha umeme vizuri zikichanganywa na iodini, kazi iliyowapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2000. Namna ya pili ni maada chotara, na neno hilo nimelichukua kwa wakulima wa Kitale na mbegu zao za mahindi, kwa kuwa ndani ya fuwele moja kuna sehemu ya kaboni na sehemu ya madini. Maarufu zaidi ni perovskaiti ya risasi na iodini, ambayo Miyasaka na wenzake wa Japani waliitumia katika seli ya sola mwaka 2009 wakapata ufanisi wa asilimia 3.8, leo seli za jamaa hiyo zinazotengenezwa maabarani zimevuka asilimia 25. Utaikariri pia kanuni moja bila kuilazimisha, kwa sababu utaitumia kila siku: gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, utapata nishati katika elektronivolti.

Kuhusu vyombo sitakawia. Kyuveti, yaani kichupa cha kuwekea myeyusho ndani ya mashine, ikiwa ya kioo cha kawaida huanza kuukata urujuanimno chini ya takribani nanomita 340, kwa hiyo ukitaka kushuka hadi karibu na 200 tumia ya kwatsi, na uishike kwa pande zake zenye ukungu. Kyuveti ya plastiki inafaa kwa maji na ethanoli pekee. Nimewahi kuona moja iliyotiwa toluini ikilegea na kuvuja ndani ya mashine, na gharama ya kusafisha ilikuwa kubwa kuliko ya kyuveti kumi za kwatsi.

Ufyonzaji una mtego mmoja wa hesabu. Mashine ikisema 1, maana yake ni kwamba asilimia 10 ya nuru imepita. Ikisema 2, ni asilimia 1. Ikisema 3, ni sehemu moja katika elfu. Anayeanza hufurahia vilele virefu, hukoleza myeyusho, na kupata kilele chenye kichwa bapa kama meza. Huo ubapa haumo katika molekuli. Nuru iliyobaki ni chache kiasi kwamba kipokezi kinahesabu mwanga unaotangatanga ndani ya mashine. Zimua hadi ubaki kati ya 0.1 na 1, na umbo halisi litajitokeza. Vilevile, spektra yako ikiwa imeinuka juu ya sifuri hata mahali ambapo maada haifyonzi kitu, na inapanda taratibu kuelekea buluu, hiyo ni nuru iliyotawanywa na chembe ambazo hazikuyeyuka au na utando wenye mikwaruzo. Chuja kwanza, ufasiri baadaye.

Mitego iliyo mingi zaidi imo katika fuloresensi, yaani nuru ambayo maada huitoa yenyewe baada ya kumulikwa. Tuseme unamulika myeyusho wako wa maji kwa nanomita 350. Utaona kilele chembamba karibu na 397 na kingine chembamba, kirefu mno, kwenye 700 kamili. Cha 700 ni nuru yako ileile ya 350, kwa sababu wavu wa mashine unaoichambua nuru huruhusu urefu wa wimbi uliorudufishwa mara mbili upite mahali pamoja, na chujio la kuizuia nuru fupi litakifuta. Cha 397 ni cha maji yenyewe: molekuli za maji huiazima nuru kiasi cha nishati na kuirudisha ikiwa pungufu, tukio linaloitwa Raman. Namna ya kukitambua ni rahisi. Badilisha mmuliko kutoka 350 hadi 370. Kilele cha Raman kitahama hadi karibu na 423, ilhali fuloresensi ya kweli kwa kawaida itabaki ilipokuwa, kama Michael Kasha alivyoeleza mwaka 1950, kwa kuwa molekuli hushuka kwanza hadi ngazi ya chini kabisa ya msisimko kabla ya kutoa nuru. Jaribio hilo huchukua dakika tano. Siielewi kabisa sababu ya watu kuliruka.

Kwa kupima ufanisi wa fuloresensi tunahitaji kitu cha kulinganishia, na kinachotumika sana ni kwinini, dawa ambayo wazee wa kanda hii ya malaria wanaukumbuka uchungu wake hadi leo. John Herschel aliandika kuhusu mng'ao wake wa buluu mwaka 1845, na Stokes akalipatia tukio hilo jina mwaka 1852. Ikiyeyushwa katika asidi ya salfuriki, kwinini hutoa kama fotoni (chembe za nuru) 54 kwa kila 100 inazofyonza. Mwenzangu mmoja alikuta asidi ya salfuriki imekwisha stoo, akatumia ya haidrokloriki, akisema asidi ni asidi. Matokeo yake yalionyesha kwamba rangi aliyoitengeneza inatoa fotoni nyingi kuliko inazopokea. Alikuwa amezisherehekea namba hizo kwa siku mbili kabla hatujaketi naye. Ioni za kloridi huizima fuloresensi ya kwinini. Kilinganishi kilikuwa kimefifia, na kwa hiyo kila kilicholinganishwa nacho kilipanda cheo. Katika hesabu yake hapakuwa na kosa hata moja, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuliona.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalishikilia kuliko mengine, hata kama baadhi ya walimu wako hawatakubaliana nami. Utaambiwa uchore mchoro wa Tauc ili upate pengo la nishati la maada yako, yaani nishati ya chini kabisa ya kuirusha elektroni iwe huru ndani yake. Mchoro huo ulitoka katika kazi ya mwaka 1966 ya Jan Tauc na wenzake kuhusu elementi ya germani isiyo na mpangilio wa fuwele, yaani nusukipitishi ambacho elektroni zake husambaa katika kanda pana za nishati. Katika maada za kaboni hali ni tofauti. Nuru ikiirusha elektroni, elektroni hiyo na tundu iliyoliacha nyuma hubaki zimeshikana kama eksitoni, na nguvu ya mshikamano huo mara nyingi ni elektronivolti 0.3 hadi 0.5, wakati joto la chumba linatoa takribani 0.025 tu. Mahali ufyonzaji unapoanzia panakuonyesha nishati ya kuitengeneza eksitoni. Nishati ya kuzitenganisha elektroni na tundu ni kubwa zaidi, na mchoro huo hautakupa. Kuchora mstari wa Tauc juu ya spektra ya rangi iliyoyeyushwa katika ethanoli ni sawa na kuupima urefu wa mtu kwa mizani. Andika kwa uwazi kwamba umepima pengo la nuru, taja urefu wa wimbi ambao ufyonzaji ulianzia, na uishie hapo. Kwa perovskaiti mchoro una haki zaidi, kwa kuwa mshikamano wa eksitoni zake ni dhaifu, na namba ya karibu 1.6 unayoipata kwa ile ya risasi, iodini na methilamonia inaaminika.

Perovskaiti ina tabia nyingine ambayo mji huu utakufundisha kwa nguvu. Utando wake mzuri ni wa kahawia iliyokolea. Unyevu wa ziwani ukiufikia, huchakaa na kurudi kuwa iodidi ya risasi, ambayo ni ya njano. Mabadiliko hayo huanza kabla jicho halijayaona: katika spektra kidaraja huchomoza karibu na nanomita 520, na katika kipimo cha mionzi-eksi, kinachosoma pembe ambazo fuwele huirudisha mionzi hiyo, kilele cha digrii 12.7 huinuka kando ya kile cha 14.1 ambacho ni cha perovskaiti yenyewe. Nilipokuwa nikitengeneza tando wakati wa mvua za Aprili nilidhani nimegundua muundo mpya wenye mapengo mawili ya nishati. Ilikuwa tando zangu zinaoza. Tengeneza katika sanduku la nitrojeni kama lipo, na kama halipo chagua siku kavu. Andika unyevu na halijoto ya chumba juu ya kila sampuli, na uipime siku hiyohiyo.

Na risasi ni sumu. Kilio cha watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya betri kuukuu, kinatosha kukufanya usimwage mabaki kwenye sinki ambalo maji yake huenda yakaishia ziwani. Yaweke katika chupa yenye kifuniko na jina. Viyeyushi tunavyotumia, hasa DMF na DMSO, hupenya ngozi na kuweza kubeba vilivyoyeyuka ndani yake, na glavu nyembamba za mpira hazivizuii kwa muda mrefu; tone likiangukia glavu, ivue mara moja badala ya kuipangusa.

Wiki yako ya kwanza, kabla hujapewa sampuli yoyote, ningependa ufanye zoezi moja lisilo na gharama. Azima kurunzi ya urujuanimno ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Ponda majani ya sukuma wiki katika spiriti ya kusafishia vidonda, chuja kwa kitambaa safi, na uumulike myeyusho gizani, bila kuelekeza kurunzi machoni mwa mtu. Kitu cha kijani kitang'aa chekundu, karibu na nanomita 680. Kisha kiweke kwenye mashine mara mbili, kwanza kikiwa kimekolea na pili kikiwa kimezimuliwa hadi ufyonzaji wake ushuke chini ya 0.1. Katika ule uliokolea utaona nuru ya 680 imefifia ikilinganishwa na ile ya upande wa 730, kana kwamba kilele kimehama, kwa sababu klorofili za mbele zimeifyonza tena nuru iliyotolewa na klorofili za nyuma. Molekuli ni zilezile, na majani ni yale yale uliyoyanunua asubuhi. Niletee karatasi zote mbili, pamoja na ya tatu ya spiriti tupu.