Kabla hujaandika "mwanamke amechorwa kama": kwa mnaoanza kusoma fasihi na sosholojia

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka sekondari huja chuoni na sentensi yake tayari: "Mwanamke amechorwa kama..." Kisha zinafuata chombo cha starehe, mlezi wa familia, mwanamapinduzi. Sentensi hiyo imemfaulisha mtihani, kwa hiyo haoni sababu ya kuiacha. Mwenzake wa sosholojia naye ana yake: "Asilimia kubwa ya waliohojiwa walisema..." Nimesimamia tasnifu za pande zote mbili kwa miaka mingi, na ninyi mnaoanza nawaomba jambo moja. Kabla ya kusema mtu fulani anawakilisha nini, tafuteni pale alipolazimika kuamua, kisha mjiulize alikuwa na njia zipi.

Mchukueni Rosa, katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Katika kazi nyingi ninazosahihisha Rosa ni "mwathirika wa malezi mabaya", na kurasa mbili mbele keshakuwa "malaya". Ushahidi wa yote mawili umo kitabuni, lakini mwanafunzi hajaonyesha mtu alivyotoka huku akafika kule. Rudini Namagondo, Ukerewe. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi, na ulevi wake haumzuii kuwa mkali kwa binti zake. Barua ya mvulana inamletea Rosa kipigo kikubwa. Kipigo kile kimemfundisha nini? Kimemfundisha kuogopa. Hakuna aliyewahi kuketi naye akamweleza namna ya kumkataa mwanamume, wala namna ya kumkubali. Anapokwenda shule ya bweni, mkono wa baba haufiki, na woga ule ndio uliokuwa kinga yake pekee. Ukifuata uamuzi mmoja baada ya mwingine kuanzia hapo, utaona familia, shule na wanaume wenye vyeo wakifanya kazi ndani ya maisha ya msichana mmoja, na Rosa mwenyewe akichagua, mara nyingine vibaya, katikati yao.

Regina, mama yake, ndiye anayeonewa zaidi na wahakiki wachanga. Wanamwandika "mama dhaifu" na kupita. Angeondoka, angekwenda wapi? Mabinti zake wangebaki na nani? Jibuni maswali hayo kwa ushahidi wa kitabu na wa maisha ya ndoa ya wakati ule, halafu muone kama neno "dhaifu" bado linasimama.

Kuna kosa jingine ninalokutana nalo karibu kila mwaka. Kwa kuwa Rosa anajiua, na Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, aliandika kitabu kizima juu ya kujiua, mwaka 1897, mwanafunzi anavichukua viwili hivyo na kuvifunga pamoja. Durkheim alikuwa akieleza kwa nini viwango vya kujiua vinatofautiana baina ya makundi, kwa mfano baina ya Waprotestanti na Wakatoliki wa Ulaya. Hakudai kueleza kifo cha mtu mmoja. Ukiibeba nadharia ya viwango ukaishusha juu ya kichwa cha Rosa, umemkosea Durkheim na umemkosea Kezilahabi.

Wa sosholojia nanyi mna ugonjwa wenu. C. Wright Mills, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika mwaka 1959 kwamba katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mmoja tu, hiyo ni shida yake binafsi, lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, hilo ni suala la jamii nzima. Mfano mzuri, na kila mtu anaunukuu. Tatizo ni kwamba mkishafika kwenye wale milioni 15 hamrudi tena. Majirani wawili wanaachishwa kazi kiwanda kimoja, siku moja. Mmoja anarudi kijijini kulima, mwenzake anabaki mjini anauza mitumba. Mills mwenyewe alitaka wasifu wa mtu na historia ya jamii visomwe pamoja, hakutaka cha kwanza kimezwe na cha pili.

Kazi ninayowapa wanafunzi wangu wote ni masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na yapo pia kwa Kiswahili, lugha waliyoyasimulia. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa. Mishi wa Abdala alitoka upande wa waliokuwa watumwa. Mji ni mmoja, dini ni moja, lugha ni moja. Andika "mwanamke wa Mombasa wa karne ya ishirini alikuwa hivi", na mmoja wao umeshamfukuza katika sentensi yako. Someni polepole wanavyozungumzia watumwa na mabwana, mlinganishe kila anayesema anasimama wapi.

Kuhusu riwaya kama ushahidi wa historia nitasema machache. Kuli ya Shafi Adam Shafi inahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Mgomo ule ulitokea kweli, ulianza bandarini ukaenea mjini. Lakini riwaya ilichapishwa 1979, baada ya Mapinduzi, na Rashidi, mhusika wake mkuu, anavyopata mwamko kupitia Faraji kunatuambia pia watu wa miaka ya 1970 walitaka kuukumbuka vipi mwaka 1948. Isomeni kwa miaka yote miwili.

Sasa uwandani. Ukimuuliza mtu, "Je, jamii yenu inamchukuliaje mtoto wa kike?" atakupa jibu la mkutano wa hadhara, na wala si uongo, ila si lake. Niliwahi kumhoji mama mmoja Pemba aliyeacha skuli akiwa msichana. Jibu la kwanza lilikuwa fupi: "Wakati ule watoto wa kike hawasomeshwi." Ningeweza kuliandika, likaingia vizuri kabisa chini ya kichwa cha habari kuhusu mfumo dume. Nikamwomba anisimulie asubuhi ya mwisho aliyokwenda skuli. Akaanza na baiskeli. Skuli ilikuwa mbali, kaka yake ndiye aliyekuwa akimpakia. Ada haikuwepo, Zanzibar elimu ilishafanywa bure. Baba hakukataa. Kaka alioa, akahamia upande wa mkewe, na baiskeli akaenda nayo. Kupakiwa na kijana mwingine haikuwezekana, na kutembea peke yake njia ile ya mikarafuu hakuna mtu mzima aliyeiruhusu. Wiki zikapita, ikawa basi.

Mfumo dume umo humo, tena umejaa. Lakini sasa unajua ulipitia wapi: umbali wa skuli, baiskeli moja, harusi, na heshima ya binti njiani. Hojaji yangu haikuwa na swali la baiskeli.

Kwa hiyo wadogo zangu, ulizeni siku, msiulize desturi. Ulizeni nani alikuwepo nyumbani, nani alisema, nani alinyamaza. Angalieni pia nani ameketi karibu wakati mnahoji, maana mama huyo huyo, shemeji yake akivuta kiti, husimulia habari nyingine. Mkinakili sauti, msimsanifishie Kiswahili chake. Mpemba aseme Kipemba, kwani mkimgeuza msomaji wa taarifa ya habari mmeshamtoa mahali pake. Jina mfiche, na kijiji kama ni kidogo kificheni pia, ila msifiche baiskeli.

Mkifika sura ya matokeo, mpeni mtu huyo aya zake nzima kabla ya jedwali la kwanza. Msimamizi atauliza mtu mmoja anathibitisha nini. Mwambieni ukubwa wa tatizo mtautoa kwenye sensa na takwimu za skuli, na mfanye hivyo kweli, kwa umbali wa kila kijiji mpaka skuli ya karibu na idadi ya wasichana walioacha. Baiskeli ndiyo iliyokuonyesha jedwali hilo linahitaji safu ya umbali.