Fairlamb aligundua tripanothioni 1985, mbona dawa yake haijatoka?

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo mwaka wa tatu biokemia, kila mtu kapewa mwanasayansi mmoja afuatilie kazi zake, mi nimeangukia kwa Alan Fairlamb. Machapisho ni mengi nimechanganyikiwa, kila nikifungua nakutana na tripanothioni. Ni kitu gani hasa, na kama ni muhimu hivo mbona tangu 1985 hakuna dawa iliyotoka humo?

JIBU: Marahaba. Kwanza acha kuhesabu machapisho, utazeeka. Shika molekyuli moja uifuate inakoenda, na kwa huyu umeshaiona.

Ilianza hivi. Seli zetu zinajilinda na sumu za oksijeni kwa glutathioni, alafu kuna kimeng'enya, glutathioni reduktesi, kazi yake kuirudisha ile iliyokwisha kutumika iwe nzima tena. Sasa Fairlamb na Anthony Cerami, pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipokipima kwa ukoo wa tripanosoma, vimelea vya malale na ndugu zake, wakaona kinagoma mpaka kiwepo kijimolekyuli kingine kisichojulikana. Mtu mwingine angesema sampuli imeharibika, angemwaga aanze upya (mi ningemwaga, nakiri). Wao wakakisaka kwenye Crithidia fasciculata, kimelea cha wadudu kisicho na shida na mtu, unakiotesha hata kwa malita, wakakuta ni glutathioni mbili zimeunganishwa na spermidini, yaani kama ng'ombe wawili na nira. Ndo tripanothioni hiyo. Sisi hatuna, ila vimelea vya malale na vya magonjwa ya Chagas na leishmania vinaitegemea.

Kwenye dawa, swali zuri ila umelishika kinyume. Dawa zilikuwepo, kilichokosekana ni kujua zinauaje. Melarsoproli, dawa ya malale, ipo tangu 1949, ina aseniki, imeyeyushwa kwenye propilini glaikoli, inachoma mshipa kama moto na yenyewe inaua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 1989 Fairlamb na wenzake wakaonyesha kwamba hiyo aseniki inang'ang'ania tripanothioni. Eflornithini nayo, dawa nyingine ya malale, ambayo Cyrus Bacchi na wenzake walionyesha 1980 kuwa inaponya panya, inazima ornithini dekaboksilesi, kimeng'enya cha mwanzo cha kutengeneza spermidini, kwaiyo nira inaadimika na tripanothioni inashuka. Utauliza mbona mgonjwa hafi wakati naye anacho kimeng'enya hicho? Cha kwetu kinavunjwa na kutengenezwa upya ndani ya dakika, cha gambiense, kimelea cha malale ya Afrika Magharibi na Kati, kinakaa sana, kikizimwa kimezimwa. Rhodesiense, aina nyingine ya kimelea cha malale, hii ya upande wetu wa Kigoma na Tabora, inakibadilisha haraka zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo eflornithini ikabaki dawa ya Kongo na jirani zake na sio yetu. Na enzi ilipokuwa inatolewa peke yake: dripu kila masaa 6 siku 14, dripu 56 hizo, fikiria kituo chenye nesi mmoja zamu ya usiku.

Kuhusu kuizima tripanothioni reduktesi yenyewe, yaani kimeng'enya cha kimelea kinachoirudisha tripanothioni iliyotumika iwe nzima, watu wamejaribu sana. Shida ni kwamba kimelea kina akiba kubwa ya hicho kimeng'enya, kinaendelea kukua tu mpaka kibakiwe na chini ya asilimia 10 hivi, alafu pale kinapoishikia tripanothioni ni papana mno, dawa ndogo inaingia inapwaya kama ufunguo wa kufuli kwenye tundu la geti. Feksinidazoli, vidonge vya malale vya siku 10 vya sasa, vimepita njia nyingine kabisa, kimeng'enya cha kimelea ndo kinaigeuza dawa iwe sumu.

Kwaiyo usiandike "aligundua dawa". Andika alionyesha dawa mbili za zamani zinakutana kwenye molekyuli moja. Na ile kazi ya 2000 ya kuipunguza tripanothioni reduktesi, ambayo Fairlamb yumo kati ya waandishi, isome mpaka sehemu ya mbinu, sio muhtasari tu, maana msimamizi wako lazima akuulize hiyo asilimia 10 imepimwaje.