Vijana, wekeni simu chini mshike chesisi

Nyie mnaoingia saivi kwenye mambo ya vitreni vya mfano, kuchinja na kugeuza injini ndogo za moshi za mezani, skizeni, mana mie nshachoka kusema jambo lile lile barazani kila Ijumaa. Mtu anakuja na simu, anakufungulia picha ya treni ya Bububu, "Ami, hii ndo nnayoitaka." Haya, skeli gani, yani iwe ndogo mara ngapi kuliko ya kweli? "Yoyote itakayopendeza." Chesisi ipi, ile fremu yenye mota na magurudumu utakayoijengea juu? Kimya. Lakini dohani keshalichonga, na rangi keshanunua.

Kutamani si dhambi. Sote tuliingia kwa tamaa, na sie watu wa Unguja tuna haki yetu. Seyyid Barghash alikuwa na reli yake tangu 1879 kutoka mjini mpaka Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, mpaka alipoagiza injini ndogo ya magurudumu manne kwa Bagnall wa Uingereza, 1881, na alipofariki 1888 vyote vikavunjwa. Alafu ikaja hiyo ya Bububu, geji, yani upana baina ya reli na reli, futi tatu, 1905, ikabeba abiria mpaka 1922. Sasa hakuna iliyobaki ya kwenda kuipima na futikamba, na dukani hutoikuta imo kwenye boksi, kwa hivo atakae ageuze. Ila kugeuza kuna mpango wake.

1. Chesisi kwanza. Injini yako itakuwa vile chesisi inavyotaka, picha haina sauti hapo. Pima na venia, ile rula yenye taya: baina ya ekseli na ekseli, kipenyo cha gurudumu, na mota imesimama juu kiasi gani. Hayo matatu ndo yanayoamua boila litakaa wapi na tangi litaficha nini. Chora kwenye karatasi, alafu ndo ufungue simu utafute injini ya kweli inayokaribiana na ulichonacho mkononi. Watu wanafanya kinyume. Kuna mmoja, simtaji anajijua, anataka Garratt, injini ya boila moja juu ya seti mbili za magurudumu, ya klasi 59 ya East African Railways, zile zilopewa majina ya milima, na kweli ni injini nzuri, ndo zilokuwa na nguvu kupita zote za mvuke kwenye reli ya geji ya mita moja, nani asoitaka. Magurudumu yake ya kuendesha ni 16. Yeye ana chesisi mbili ndogo za Kato, kampuni ya vitreni ya Kijapani, jumla magurudumu manane. Nkamuuliza manane mengine yatatoka wapi, akasema "yatafichwa na sketi". Garratt haina sketi, yale mabamba ya kufunika magurudumu! Na hata kwa HO, yani skeli ya ndogo mara 87 kuliko ya kweli, hiyo mashine inapindukia sentimita 35, meza yenyewe ni ile ya chai ya mamaake.

2. Hesabu ya skeli fanya kabla hujatoa pesa. Futi tatu kwa skeli ya milimita 4 kwa kila futi ni reli ya milimita 12, kwa HO ni 10.5, kwa 1:48, yani ndogo mara 48, ni 19. Sasa vitreni vinavyotufikia kwenye makontena ya mitumba reli yake ni milimita 16.5, mara mojamoja 9. Ndo mana wengi wetu tumeishia 1:48 juu ya reli ya 16.5, ambayo ukipiga hesabu ni kama inchi 31, tumekula inchi tano za Bububu. Mwache zende. Hakuna mgeni alokuja nyumbani kwangu na rula.

3. Mkate dereva kabla ya kukata bodi. Nasema kweli, chukua kadibodi, kata mtu wa milimita 36, huyo ndo mtu mzima wa 1:48, msimamishe juu ya chesisi. Chesisi ya HO ilitengenezewa mtu wa milimita 20, kwa hivo mlango, ngazi, dirisha, vyuma vya kushikia, kila kinachogusana na mwili wa binaadamu lazima kikue, na boila wala usiliguse sana. Ukisahau ngazi tu injini nzima inarudi kuwa ya kitoto. Kwa boila paipu nyeupe ya waya za umeme ya milimita 20 inatosha kabisa, kwa 1:48 inakupa kama sentimita 96 za kweli, na kila nyumba inayojengwa hapa utaokota kipande. Omba lakini.

4. Uzito. Hapa kaeni kitako.

Injini nyepesi haivuti, magurudumu yanazunguka bure, na umeme wa reli haiuchukui vizuri, kwa hivo lazima uitie uzito wa madini ya risasi. Mie nkajiona mjanja. Nkenda kwa wavuvi nkachukua chubwi za nyavu, nkazikatakata vidogovidogo, nkajaza ndani ya matangi ya ubavuni ya injini yangu ya Bububu, chesisi yake kaniletea shangazi kutoka Maskati kaifunga ndani ya kanzu isivunjike, alafu ili zile risasi zisicheze nkazimiminia gundi nyeupe ya seremala. Ilikuwemo kabatini, bei rahisi, inakauka safi. Injini ikawa nzito, ikavuta mabehewa yote bila ya kuteleza, nkajisifu barazani mpaka watu wakawa wanahama nnapofika.

Alafu masika yakaingia. Siku moja naona ufa mwembamba kwenye pembe ya tangi la kulia, pale karatasi mbili za plastiki zinapokutana. Nkasema haikushika, nkatia gundi nyengine, nkapiga msasa, nkapaka rangi upya. Ufa ukarudi, na tangi lenyewe ukilitazama kwa mbele limetuna, shavu la mtu mwenye jino bovu. Nkalaumu joto. Nkalaumu plastiki, nkasema haya makaratasi ya kutoka Dar ni feki. Mwisho nkamlaumu mtoto wa dada yangu, mana yeye akirudi skuli ndo mwenye kuingia mle chumbani, nkamwambia umeikalia au umeiangusha, akaapa, "Mjomba wallahi sijaigusa," nkamtoa na mlango nkautia kufuli. Na tangi likaendelea kuvimba ndani ya chumba kilichofungwa na ufunguo nnao mie. Haya nkaiona, lakini nkakaza shingo.

Pembe ilipofunguka yenyewe ndo nkaona ndani: unga mweupe umejaa tele, vile vipande vya chubwi vyenyewe vimeliwa pembeni. Kumbe ile gundi inatoa asidi ya siki kidogokidogo, siki inaila risasi, na kwa unyevu na hewa inageuka unga, na unga unataka nafasi kubwa kuliko risasi ulotokana nayo. Hauna pa kwenda, unasukuma kuta. Masika yetu haya ndo chakula chake. Wenzetu Ulaya wanalijua hili siku nyingi, zao zishapasuka za kutosha, angalikuwepo mtu wa kunambia au mie ningaliuliza tusingalifika huko. La kushoto nalo lilikuwa njiani, na boila pia, mana na humo nlitia. Nkaikata kazi yangu kwa msumeno wa chuma, vile vichwa vya ribiti nlivyovibandika kimoja kimoja kwa ncha ya sindano vikarukia sakafuni, nkawa navikusanya, sijui kwa nini nikivikusanya. Na unga ule ni sumu, usiupulize, usiupige msasa mkavu, futa kwa kitambaa kibichi kisha uoshe mikono na kitambaa kitupwe. Mtoto nlimtaka radhi. Kasema si kitu, Mjomba, lakini hadi leo nikimwita aje anishikie koleo anauliza kwanza mlangoni kama injini ni nzima.

Tumia Araldite, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili, au kipande kimoja kizima cha risasi ukifunge na skrubu. Na uzito uwe juu ya magurudumu ya kuendesha, usiurundike nyuma kwa dereva.

5. Bodi ifunguke. Skrubu mbili chini, basi. Ukigandisha bodi juu ya mota utakuja kuipasua siku ya kutia mafuta.

6. Ukitoa magurudumu yarudishe na kishikio, kile kipini kinachoshika fito, cha upande mmoja kikiwa kimetangulia cha upande wa pili kwa robo mzunguko, na ekseli zote zifanane, la sivyo injini itachechemea na utakuja kwangu kunambia mota mbovu. Na lile lenye plastiki ya kuzuia umeme libaki upande wake, ukigeuza ni shoti.

7. Supagluu weka mbali na vioo, moshi wake unavitia ukungu, vioo viwe vya mwisho. Kila mmoja wenu nshamwambia. Kila mmoja wenu ana injini ambayo dereva haoni mbele.

8. Mbio. Kile kidude cha Hornby, Smokey Joe, wengi mmeanzia nacho na sikulaumuni, ni rahisi na kipo kipo, lakini gea yake ni ya kukimbia. Injini ya futi tatu inayopita uchochoroni inakwenda taratibu, watu wanaisogelea kwa mazungumzo. Ama ubadilishe mota na gea, ama utafute zile za On30, yani 1:48 juu ya reli ya 16.5, ambazo Bachmann wanazitoa tangu 1998, zinatambaa vizuri na skeli tayari ni yetu, ila bei utaitafuta pumzi. Kuna mzee mmoja wa Kikwajuni yeye hakubadilisha chochote, kila behewa kalitia chubwi mpaka injini ikashindwa kukimbia, nkamwambia mota itaungua, akanambia "itaungua pole pole." Inafanya kazi mpaka leo na inaniudhi.

9. Hewa ya bahari. Reli za shaba zinapiga weusi kwa chumvi, zifute kabla ya kila mchezo, na injini ikae ndani ya boksi la plastiki pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya. Msivitupe, nipeni mie.

10. Rangi ya kupuliza siku ya mvua inatoka na ukungu mweupe, nyeusi inakuwa kijivu na huna la kufanya ila kuanza upya. Ngoja kipupwe. Najua hutongoja, basi angalau nirejeshee thina yangu.