Wimbo Usio na Kungwi

Mwaka 1938 mwanafalsafa Mjerumani Theodor Adorno alidai kwamba muziki wa biashara unarudisha masikio ya watu utotoni: kitu kilekile hurudiwa mpaka msikilizaji anaacha kusikiliza, anabaki kukitambua tu. Kwetu Kusini mwa Tanzania dai hilo linakwama mlangoni. Unyagoni, wasichana wanapofundwa, mstari mmoja huimbwa na kurudiwa usiku, na mwali hutoka akijua mengi kuliko alivyoingia. Kurudia si kosa. Unyagoni yupo kungwi wa kufumbua kila wimbo. Kwenye bajaji ya kwenda Shangani, Mtwara, wimbo unapigwa na hakuna wa kukuambia hapa pana fumbo. Kazi ya kungwi unabaki nayo mwenyewe, na inafanyika hivi.

Chagua wimbo unaoupenda. Ule unaouchukia hutausikiliza kwa haki. Nyimbo nyingi ni za dakika 3 hadi 4, na kiitikio hurudi mara 3 au 4. Ndiyo maana kiitikio unakijua kwa moyo, beti huzijui hata kama umeusikia mara mia. Tumia visikizi, kwa sababu spika ya simu haitoi besi vizuri. Mara ya kwanza sikiliza tu, mikono mitupu. Mara ya pili andika beti kwenye daftari, ukisimamisha kila baada ya mstari, kiitikio kiache. Mara ya tatu sahihisha. Usinakili mashairi ya mtandaoni, maana mengi yameandikwa na mtu aliyekisia kwa sikio, na neno moja likikosewa fumbo lote limepotea. Singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, ipunguze hadi 0.75 ya mwendo wake, la sivyo utaandika vipande. Neno la mtaani usilolijua waulize vijana wa kijiweni, usilibunie maana.

Sauti iwe ya wastani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, lakini kwa desibeli 90 ni saa 4 tu. Ukiwa umevaa visikizi na humsikii mtu aliye karibu nawe akikusemesha kawaida, punguza.

Sasa lihoji daftari. Nani anasema? Anamwambia nani? Pesa imetoka wapi? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Tuseme kiitikio kinashangilia kula bata, meza imejaa, marafiki wamezunguka. Soma ubeti wa pili: simu inaita, hapokei, anabadilisha njia ya kurudi nyumbani, anamwomba mama yake asifungue mlango. Huyo ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Wimbo ulikuwa unatoa onyo muda wote, na wewe ulikuwa unacheza kiitikio. Kinyume chake kipo pia: beti tatu nzima na pesa haina chanzo, inaonekana tu mezani. Wimbo wa namna hiyo ndio unaopumbaza. Uogope zaidi kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza, pale mkulima wa Newala au Tandahimba anaposubiri malipo yake na spika za madukani zinamfundisha namna ya kuyamaliza.

Wengi hukimbilia nyimbo za "kuelimisha" wakidhani hapo wako salama. Hapana. Wimbo wa kampeni unaotaja ujumbe wake mara ishirini, bila mtu hata mmoja ndani yake mwenye shida ya kweli, unalaza akili kuliko wimbo wa mapenzi ulioandikwa vizuri. Msikilizaji anakubali kabla hajafikiri. Wimbo wa mapenzi unaoeleza kwa nini mwanamke anarudi kwa mtu aliyemtesa una elimu kubwa kuliko huo.

Zima pia ile programu inayochagua wimbo unaofuata yenyewe. Itakuletea unaofanana na uliopita, na ubeti ulioanza kuutafakari utafunikwa.

Kwa watoto, kuzima redio hakusaidii. Wimbo watausikia kwa jirani. Mtoto akiimba huku anaosha vyombo, muulize taratibu: "Mwanangu, huyo anayeimbwa kakosa nini?" Subiri. Akijibu kwamba hajui, ni mzuri tu, kaeni wote wawili muurudie kuanzia ubeti wa pili.