Kazi ya umeneja wa apatimenti: uliza kwanza hela ya fundi iko wapi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako wa Soweto, Moshi, nina miaka 29. Miaka mitatu sasa nasimamia vyumba 9 vya mjomba wangu kule Pasua, nakusanya kodi, naita mafundi, nasuluhisha ugomvi wa LUKU maana vyumba vinne vinatumia mita moja. Sasa nimepata nafasi mbili kwa mpigo na zimenichanganya. Ya kwanza iko Njiro, Arusha, apatimenti 12, mwenyewe anaishi Marekani, ananipa chumba bure hapohapo ndani ya geti na asilimia 5 ya kodi, kila apatimenti inapangishwa laki 6 kwa mwezi. Ya pili ni kampuni ya hapa Moshi yenye nyumba kama 30, zimetawanyika Shanty Town, Rau na huku Soweto, mshahara laki 4 na nusu pamoja na NSSF. Moyo wangu uko Njiro ila mama anasema nisiende. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usije ukasema kwenye intavyuu eti "nilikuwa namsaidia tu mjomba". Mtu aliyeweza kuwaweka sawa wapangaji wa vyumba vinne kwenye mita moja, tena kipindi hiki ambacho kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021 na kila mpangaji anauliza kwanini alipie nyumba isiyo yake, huyo kazi anaijua. Waambie hivyohivyo, na daftari lako la kodi uende nalo.

Tuje kwenye hela. Najua umeshapiga hesabu, 12 mara laki 6 ni milioni 7 na laki 2, asilimia 5 yake laki 3 na elfu 60, ukiongeza chumba cha bure unaona Njiro imeshinda. Hiyo ni sawa kama nyumba zote zimejaa na kila mtu analipa kila mwezi, lakini wewe mwenyewe unajua huku watu wanalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwahiyo na asilimia yako itakuja kwa mkupuo, Januari unashika hela nzuri halafu mpaka Juni unakula akiba, na apatimenti nne zikikaa wazi theluthi ya kipato chako imeondoka na wala hujakosea kitu. Ya kampuni nayo usiisome kama ilivyoandikwa, ikitoka asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mshahara unabaki na chini kidogo ya laki 4 mkononi, na uulize hizo bodaboda za Rau kwenda Shanty Town kila siku nani analipa. Ila kwenye NSSF wewe ukikatwa elfu 45 mwajiri naye anaweka 45, kwahiyo elfu 90 inaingia kwa jina lako kila mwezi. Njiro hakuna aliyekutajia kitu kama hicho.

Lakini kama ni mimi hela ingekuwa swali la pili. La kwanza ni hili: saa tano usiku bomba la ghorofani limepasuka, maji yanashuka kwenye sebule ya mpangaji wa chini, fundi amekuja anataka hela yake, natoa ya nani? Muulize hivyohivyo halafu nyamaza umsikilize. Akikujibu "utanipigia tu tutaongea", ujue saa hiyo kwao Marekani ni mchana, yuko kazini na simu hapokei, na mpangaji mwenye kochi lililoloa hamjui yeye, anakujua wewe. Akikwambia kuna kiasi fulani cha matengenezo kitakaa mkononi mwako, unatumia, unatuma picha ya risiti, kikipungua anajaza, basi huyo amewahi kukaa akaifikiria hii biashara. Nimefanya hii kazi Arusha miaka 14 na bado sijaona meneja aliyefukuzwa kwa kukosa elimu, ila nimeona wengi walioondoka kwasababu walipewa lawama zote za nyumba bila kupewa uwezo wa kununua hata koki.

Na kodi isipite kwenye simu yako, tafadhali sana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba 8 maeneo ya Kijenge, mwenye nyumba akaniambia wapangaji wanitumie mimi halafu mimi nimtumie yeye, nikaona ni kuaminiwa. Mwaka wa pili kaka yake akaja na karatasi anasema kuna hela haijafika, na mimi kwenye simu kodi imechanganyika na hela ya mchango wa harusi, ya vocha, ya dawa za mama, ukweli nilikuwa nao ila ushahidi sina. Niliondoka pale bila mshahara wa miezi miwili na mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande mwingine. Kwahiyo kodi iende moja kwa moja benki kwenye akaunti ya mwenye nyumba, mpangaji anakuletea slipu, wewe unatunza slipu.

Hapo kwa kaka yake ndio pa kuangalia pia. Mwenye nyumba wa nje huwa ana ndugu mjini, na ndugu siku moja atakuja kusema mpe rafiki yangu hiyo namba 7 atalipa mwisho wa mwezi. Iandikwe kwenye mkataba unapokea maagizo kutoka kwa nani, jina moja. Kama ni mtu wa Kilimanjaro kuna uwezekano mkubwa Krismasi atakuwa nyumbani, mwombe mkutane ana kwa ana kabla hujasaini.

Wakati unasubiri panda basi uje Njiro siku ya kazi jioni, usimwambie mtu. Salimiana na mlinzi, muulize alipwa lini mara ya mwisho. Ongea na wapangaji wawili watatu, uliza meneja aliyepita alikaa muda gani na aliondokaje, uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na ni ya bomba au ya kisima, maana visima vingi vya huku vina floraidi nyingi na mzazi mwenye mtoto mdogo atakuuliza habari ya meno kabla hajauliza bei. Inua macho uangalie dari la ngazi, ukiona madoa ya kahawia yamepakwa rangi juu juu basi kuna bomba linavuja na hela ya kulitengeneza haijatoka.

Kuhusu kulala hapohapo, mama yako usimpuuze. Ukikaa ndani ya geti hakuna saa ya kufunga ofisi, mtu amesahau funguo saa saba usiku anagonga kwako. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, lakini anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa bosi wa juu hayumo kwenye hicho kipengele, kwahiyo saa zako na siku yako ya kupumzika zidai ziandikwe.

Mimi ningefanya hivi: ningemrudia wa Njiro nimwombe mshahara maalum wa kila mwezi hata kama ni mdogo kuliko hiyo laki 3 na 60, asilimia iwe nyongeza, NSSF iwepo, na hela ya matengenezo ijulikane. Akikubali hayo nenda, apatimenti 12 za mtu mmoja anayekusikiliza zitakufundisha kuliko nyumba 30 za kukimbizana nazo. Akianza kuzunguka, chukua ya Moshi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Sakina, nimemaliza digrii ya mambo ya ardhi, kila ninapoomba umeneja wa nyumba wanataka uzoefu. Nianzie wapi?

JIBU: Za serikali na mashirika ya umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, hizo endelea kuomba. Za watu binafsi hapa mjini mara nyingi hazitangazwi kabisa, zinapita kwa mafundi bomba, walinzi na madalali, wao ndio wanajua ni nyumba gani taka hazijazolewa wiki mbili na mwenyewe yuko Dar. Tafuta fundi bomba anayeheshimika hapo Sakina, zunguka naye mwezi mmoja umbebee hata spana. Utajifunza vitu ambavyo chuoni hawakukuonyesha, na mwenye nyumba akimuuliza "unamjua kijana wa kuniangalizia hapa?" uwe umesimama pembeni yake.