Maswali ya Wasomaji: Ukanda wa Miti, Nafasi ya Wazi na Kibali cha Ujenzi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kiwanja cha mita za mraba 1,000 katika eneo jipya lililopimwa jijini Dodoma, na nimekusudia kujenga nyumba ya kulala wageni yenye ukumbi mdogo wa sherehe. Michoro yangu imerudishwa na ofisi ya mipangomiji pamoja na maelekezo kwamba nioneshe umbali wa jengo kutoka kila mpaka, ukanda wa miti kati ya ukumbi na nyumba za majirani, na maegesho ambayo hayakusakafiwa yote. Kiwanja nimekilipia chote. Kwa nini nilazimishwe kuacha sehemu yake bila kujenga? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo ulichokilipia ni haki ya kukitumia kiwanja kwa matumizi na masharti yaliyowekwa, nayo Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji uwezo wa kuambatanisha masharti hayo na kibali cha uendelezaji. Nafasi unayoambiwa uiache ni sehemu ya mradi wako kama ulivyo ukuta au paa, na ndiyo maana inatakiwa ionekane kwenye mchoro kabla ya msingi kuchimbwa.

Sababu zake si za urembo. Jengo la biashara linapopakana na makazi huleta magari, taa za usiku, moshi wa jiko, vumbi na kelele, na umbali kutoka mpakani huyapunguza hayo yote kwa pamoja, huku ukiacha njia ambayo gari la zimamoto litapita siku likihitajika. Miti huzuia vumbi, macho ya wageni na mwanga wa taa, lakini kuhusu kelele naomba tusidanganyane: safu mbili za miti hazizuii muziki wa harusi. Kinachosaidia ni umbali, ukuta mzito usio na matundu, na kuuelekeza mlango wa ukumbi upande wa barabara badala ya upande wa vyumba vya kulala vya jirani. Mwombe msanifu wako aanze na hilo la mlango, kwa sababu likikosewa hakuna mti utakaolirekebisha.

Kuhusu maegesho, piga hesabu ya maji. Mvua moja ya milimita 50, ambayo si kitu cha ajabu Dodoma wakati wa masika yake ya Desemba hadi Aprili, humwaga katika kiwanja chako lita 50,000, sawa na matenki kumi ya lita 5,000. Ukisakafia kila mahali kwa zege au vitofali vilivyobanwa, karibu maji yote hayo yatatoka getini kwa mkupuo na kuingia kwa jirani aliye chini yako, yakiwa yamebeba mafuta ya magari. Sehemu iliyoachwa udongo, ikapandwa au ikamwagiwa kokoto, hunyonya sehemu ya maji hayo na kuyachelewesha yaliyobaki. Ni vyema ukanda wa miti ukawekwa upande wa bondeni wa kiwanja na ukachongwa chini kidogo ya usawa wa maegesho, kwa kuwa wengi huunyanyua kwa kuta za mawe ukapendeza machoni, kisha maji yakapita pembeni na miti ikafa kwa kiu.

Tena, usimkubalie mchoraji anayekujazia karatasi nzima rangi ya ukoka. Dodoma si Lushoto. Mvua yake kwa mwaka ni takriban milimita 600 tu na miezi saba inaweza kupita bila tone la maana, hivyo bustani ya ukoka itakula maji ya wageni wako. Mpango mkuu wa mji huo wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka 1973, ulikusudia makazi yaliyotenganishwa na maeneo ya wazi ya kijani, na kijani cha nchi kavu ni migunga, mibuyu, miarobaini na vichaka vinavyovumilia jua. Kwenye mchoro andika jina la kila mti, nafasi kati ya mmoja na mwingine, na maji ya kumwagilia yatatoka wapi. Panda mvua zinapoanza, usingoje jengo likamilike. Kila shimo lizungushiwe kisahani cha udongo cha kukinga maji, na kila mche uwekewe kizimba cha matawi ya miiba, maana mbuzi wa Dodoma hawasomi vibali.

Hakikisha pia kwamba kiwanja chako kimepangwa kwa matumizi hayo. Kama ni cha makazi pekee, unahitaji kwanza kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, na hapo majirani wana haki ya kusikilizwa. Ukanda mzuri wa miti uliochorwa mapema mara nyingi ndio unaowafanya wakubali.

SWALI: Nimeuziwa kiwanja chenye hati jijini Dar es Salaam, na nyuma yake unapita mto mdogo ambao hukauka kiangazi. Nimeambiwa niache mita 60. Zinapimwa kutoka wapi, na je, hati yangu haitoshi? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Umbali huo unatoka katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za ufuo wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, bwawa au hifadhi ya maji. Sheria ya Ardhi nayo inautaja umbali uo huo inapoeleza ardhi hatarishi. Kipimo huanzia ukingoni, si katikati ya mto, na ukingo ni pale maji yanapofika mto ukijaa, si pale unapoona mchanga mkavu mwezi wa Agosti. Mpate mpimaji mwenye leseni, na uwaone Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kabla ya kununua hata tofali moja.

Hati haifuti sharti hilo. Waliolijua kwa uchungu ni wakazi wa bonde la Msimbazi: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande, na Desemba 2015 bomoabomoa ikapita Mkwajuni. Kama kipande chote kimo ndani ya mita 60, kusanya nyaraka zote za ugawaji na mauziano, kisha umwone mwanasheria sasa, wakati bado una hoja dhidi ya aliyekuuzia, badala ya kuanza ujenzi kwa kutumaini kwamba hakuna atakayepita. Kama ni sehemu tu, jenga nje ya mstari. Ndani yake unaweza kupanda nyasi za vetiva na mianzi, ambazo mizizi yake hushika udongo wa ukingo, lakini usijenge ukuta wa zege wala usichimbe mchanga.

SWALI: Jirani amepanda mwarobaini umbali wa mita moja kutoka chemba zetu za maji taka. Je, ni sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si busara hata kidogo. Mizizi ya mwarobaini hufuata unyevu, na chemba yenye ufa mwembamba ni mwaliko tosha. Miti mikubwa, ukiwemo mkungu, ikae walau mita tano kutoka kwenye kuta na mashimo ya maji taka. Pale ambapo ukanda ni mwembamba, mwashoki unafaa kwa kuwa hukua wima bila kutanua matawi, ingawa kivuli chake ni haba. Mchongoma hufanya ua imara kwa anayeweza kuuvumilia ukuaji wake na kuupogoa. Mnyaa usiupande penye watoto, kwa sababu utomvu wake hudhuru macho. Zungumza na jirani aung'oe mti ungali mchanga, na mkishindwana mwende kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kufika mbali.

SWALI: Duka langu liko kando ya barabara kuu. Naweza kuhesabu bustani niliyopanda mbele yake kuwa ndiyo nafasi ya kijani inayotakiwa na kibali? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Hapana, iwapo bustani hiyo imo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mimea iliyomo humo inaweza kuondolewa wakati wowote barabara inapopanuliwa. Nafasi ya kijani ya kibali chako ihesabiwe kuanzia kwenye bikoni (alama za mpaka) za kiwanja chako kuelekea ndani.